Mtoto Anaanza Kula: Vyombo Vichache Vinatosha

Ukipita madukani utaonyeshwa seti za plastiki zenye rangi za kuvutia, kila moja ikidaiwa kuwa ya lazima. Hapa mtaani Namuwongo, Kampala, maji tunanunua kwa dumu, na mvua ikizidi, mfereji wa Nakivubo hutapika uchafu hadi milangoni. Kwa hiyo kabla sijatoa pesa, najiuliza: chombo hiki kinaoshika mpaka ndani? Kinastahimili maji ya moto? Kama hapana, nakiacha hapo hapo.

Mtoto huanza kula akitimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya. Haya ndiyo niliyoona yanafaa.

Bakuli na kijiko chake. Chukua bakuli la stili la robo lita hivi. Mtoto akila kwenye sahani ya wote, hujui amekula kiasi gani. Anza na vijiko viwili vitatu, kisha ongeza polepole hadi nusu bakuli, mara 2 au 3 kwa siku, kabla hajafika miezi 9.

Kikombe badala ya chupa. Chuchu ya chupa huficha mabaki ya maziwa, na hapo ndipo kuhara kunapoanzia. Kikombe kidogo kilicho wazi unakisugua mara moja kikatakata.

Sufuria ndogo yenye mfuniko, na majani ya mgomba. Hivi ni vya kupikia kitobero, chakula cha mchanganyiko ambacho kituo cha lishe cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa katika hospitali ya Mulago mwaka 1965, kimewafundisha akina mama wengi. Pitisha jani juu ya moto wa sigiri lilainike, lisije likapasuka. Weka ndani matoke yaliyomenywa, maharage yaliyolowekwa na kutolewa maganda, na mukene (dagaa) uliosagwa. Tia maji kidogo, funga, kisha weka juu ya vikonyo vya majani ndani ya sufuria, upike kwa mvuke mpaka maharage yaive kabisa. Ponda kwa mwiko, kiwe kizito cha kubaki kwenye kijiko bila kumwagika. Chumvi na sukari havihitajiki.

Kinu kidogo na chekecheke. Mukene ukaushe vizuri, utoe mchanga, utwange, uchekeche. Karanga nazo zitwangwe ziwe laini, maana karanga nzima humpalia mtoto. Zenye ukungu tupa. Sumu yake haiondoki kwa kupika.

Birika, beseni na sabuni. Mimina maji kwa birika, unawe mikono yako na ya mtoto chini ya maji yanayotiririka. Maji yake ya kunywa yachemshe, uyaweke kwenye dumu dogo lenye mfuniko, mbali na ya kufulia.

Usihangaike na mashine ya kusagia inayosubiri umeme, mwiko unatosha. Bibu ni kipande cha leso kuukuu kilichofuliwa. Chupa ya chai iweke maji ya moto, si uji: uji ukikaa vuguvugu, vijidudu huzaliana. Pika kidogo, mtoto ale papo hapo, na kilichokaa zaidi ya saa 2 usimpe.

Mama mwenzangu, ile seti ya rangi iache dukani. Pesa yake mnunulie mtoto mayai na mukene.