Maji ya Kunywa kwa Siku: Kiasi Kinachomtosha Mkulima, Mvuvi na Mtoto

Bukoba ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Kwa mwaka hunyesha karibu milimita 2,000, zaidi ya mara 3 ya mvua inayonyesha Dodoma. Upande wa mashariki wa Bukoba na Muleba lipo Ziwa Victoria, na katika mabonde yaliyo kati ya vilima zipo chemchemi nyingi. Hata hivyo, kuwa na maji mengi ya kutazama si sawa na kunywa maji ya kutosha. Vijiji vingi vya Uhaya vimejengwa juu ya migongo ya vilima, vimezungukwa na migomba na mibuni, na chemchemi iko chini bondeni. Maji ya dumu moja la lita 20 yana uzito wa kilo 20, na hupandishwa kilimani kwa kichwa. Mama au mtoto aliyeyabeba huyagawa kwa uchungu: haya ya kupikia, haya ya kuoshea vyombo, haya ya kuoga. Ya kunywa huwa yale yaliyosalia.

Katika elimu ya afya, swali la kiasi cha maji ambacho mtu anapaswa kunywa kwa siku huulizwa mara kwa mara, na jibu lililozoeleka ni bilauri 8. Jibu hilo ni jepesi kukumbuka, lakini msingi wake ni dhaifu. Inadhaniwa chanzo chake ni mwaka 1945, wakati Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ilipoandika kuwa mtu mzima anahitaji takriban lita 2.5 kwa siku, kisha ikaeleza kuwa sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo katika chakula. Maelezo ya kwanza yalienea duniani, ya pili yakasahaulika. Mwaka 2002 mtaalamu wa figo wa Marekani, Heinz Valtin, alichapisha mapitio ya maandiko ya kisayansi akitafuta ushahidi wa bilauri 8 kwa kila mtu. Hakuupata.

Viwango vinavyotumika zaidi leo huhesabu vinywaji vyote pamoja na maji yaliyomo katika chakula. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja lita 2.0 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume. Mjamzito huongezewa mililita 300 na mama anayenyonyesha mililita 700. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 huhitaji lita 1.6. Kwa kawaida sehemu moja kati ya tano hutoka katika chakula, na inayobaki hunywewa. Hayo ni mahitaji ya mtu anayefanya kazi za wastani katika hali ya hewa ya wastani. Hayakupimwa kwa mtu anayepalilia maharage Kamachumu saa 6 mchana.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2022, jarida la Science lilipochapisha utafiti uliopima matumizi ya maji mwilini kwa watu zaidi ya 5,600, kuanzia watoto wachanga wa siku 8 hadi wazee wa miaka 96. Matumizi yalitofautiana sana kwa umri, ukubwa wa mwili, joto, unyevu wa hewa na, zaidi ya yote kwa msomaji wa jarida hili, kazi ya mikono. Wakulima na wawindaji walitumia maji mengi kuliko watu wanaofanya kazi wakiwa wameketi. Kazi nzito juani inaweza kumtoa mtu jasho la lita 1 au zaidi kwa saa. Mvuna kahawa anayeondoka alfajiri na kurejea saa 9 alasiri, akiwa amekunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi, amekwisha kupungukiwa maji kabla hajafika nyumbani. Maumivu ya kichwa, uchovu na kizunguzungu vinavyofuata mara nyingi husingiziwa malaria. Wataalamu wa afya kazini hushauri kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20 kwa anayefanya kazi kwenye joto kali, badala ya kungoja kiu na kunywa lita nzima kwa mkupuo.

Chakula cha Kagera humsaidia mlaji katika jambo hili. Takriban theluthi mbili za ndizi iliyopikwa ni maji, hivyo sahani yenye nusu kilo ya ndizi na maharage humpa mtu mililita 300 hivi kabla hajagusa kikombe. Nanasi na papai vina maji zaidi. Chai na kahawa ya kunywa kwa kiasi navyo huhesabiwa, kwa kuwa maji yanayopotea kwa sababu ya kahawa ni machache kuliko yale yanayoingia nayo. Kahawa ya kutafuna, ambayo kwa heshima ya Wahaya hutangulizwa kwa mgeni, haina maji ya kuhesabu, na mgeni huyo anastahili pia kuletewa maji. Rubisi ni habari nyingine, kwani kileo huzifanya figo zitoe maji zaidi, na anayeamka na kinywa kikavu baada ya sherehe anajua matokeo yake.

Kwa mtu mzima mwenye afya, vipimo viwili havihitaji mashine: kiu, na rangi ya mkojo. Mkojo wa rangi ya njano hafifu huonyesha kuwa maji yanatosha. Ukikolea, na mtu akawa anakwenda haja ndogo mara chache kwa siku, hayatoshi. Tatizo ni wazee. Kadiri umri unavyoongezeka, hisia ya kiu hupungua ingawa hitaji la mwili halijapungua. Aidha, bibi au babu ambaye choo chake kiko nyuma ya migomba hupunguza maji kwa makusudi ili asiamke usiku na kutembea gizani. Familia inayoliona hilo humpa maji mengi zaidi asubuhi na mchana, na hupunguza jioni. Wanafunzi, hasa wasichana, hufanya vivyo hivyo pale ambapo vyoo vya shule haviridhishi. Kamati ya shule inayojadili matundu ya vyoo, basi, inajadili pia maji ya kunywa.

Kundi linalosahaulika kuliko yote ni wavuvi. Katika visiwa vya Muleba kama Goziba, Bumbire na Ikuza, wavuvi wa dagaa huingia ziwani jioni wakiwa na taa zao na hurejea mwaloni asubuhi. Usiku una baridi na upepo, kwa hiyo jasho la kuvuta nyavu hukauka kabla mtu hajalihisi. Anapoona kiu, huinamia ukingo wa mtumbwi na kuchota ziwani. Maji hayo huonekana safi, hasa mbali na nchi kavu, lakini kambi zenye vyoo vichache huachia kinyesi katika ziwa hilohilo, na kipindupindu huenea kwa njia hiyo. Tajiri wa mtumbwi hununua mafuta na chakula cha wafanyakazi wake kabla ya kila safari. Dumu la maji yaliyotibiwa lingepaswa kuwa katika hesabu hiyohiyo, na gharama yake ni ndogo kuliko zote. Kichocho ni jambo tofauti: vimelea vyake huingia kupitia ngozi, kwa hiyo kuchemsha maji ya kunywa hakumlindi anayeoga au kufua ziwani.

Maji ya kunywa huchemshwa hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, muda unaotosha katika mwinuko wa mwambao wa Bukoba na Muleba, kisha hufunikwa na kupoa katika chombo hichohicho. Vidonge vya klorini hutumika kwa kufuata maelezo ya pakiti, kwa sababu vipo vya ukubwa mbalimbali. Ipo pia njia ya kuanika maji juani kwa saa 6 katika chupa angavu. Njia hiyo huhitaji siku mbili mfululizo mawingu yakitanda, na kwa mawingu ya Bukoba haifai kutegemewa peke yake.

Hesabu ya kaya huondoa hofu kwamba kunywa maji ya kutosha ni mzigo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kutoka kituo kisichozidi mita 400 na kinachohudumia watu 250. Tangu mwaka 2019 wajibu wa kufikisha huduma hiyo vijijini uko kwa RUWASA. Kaya ya baba, mama anayenyonyesha, bibi, watoto wawili wa shule ya msingi na mtoto mchanga, kwa lengo hilo, hupata lita 150, sawa na madumu 7 na nusu. Maji ya kunywa ya kaya hiyo, hata ikiongezwa ya shambani, ni kama lita 10. Hiyo ni nusu ya dumu moja. Kaya ambayo bado inateka bondeni inaweza kutenga nusu hiyo kwanza, kabla ya matumizi mengine yote, na kuyatibu hayo tu. Mtoto mchanga hakuhesabiwa kwa kusahau: hadi atimize miezi 6, maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa kiangazi, na maji anayopewa humpunguzia nafasi ya kunyonya na kumfungulia mlango wa kuhara.

Kuzidisha nako kuna madhara, ingawa ni nadra. Figo zenye afya huweza kutoa takriban lita 1 kwa saa; anayekunywa zaidi ya hapo kwa saa kadhaa huyeyusha chumvi ya damu hadi ubongo kuvimba. Mgonjwa wa moyo au wa figo afuate kiwango alichopewa na daktari wake, si makala ya jarida. Aliyewahi kuugua vijiwe vya figo, kinyume chake, hufaidika kwa kunywa zaidi. Katika utafiti uliofanyika nchini Italia na kuchapishwa mwaka 1996, wagonjwa waliokunywa hadi kutoa lita 2 za mkojo kwa siku walirudiwa na vijiwe kwa asilimia 12 ndani ya miaka 5, ikilinganishwa na asilimia 27 ya wenzao.

Hesabu zote hizi hubadilika mtu anapohara au kutapika. Wakazi wa Bukoba wanakumbuka tarehe 21 Machi 2023, Serikali ilipotangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani humo. Hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni 2023, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kati yao walifariki. Dawa iliyothibitishwa ya kuua virusi hivyo haikuwapo. Nguzo ya tiba ilikuwa kurudisha maji na chumvi mwilini mapema, na kutibu dalili. Kwa sababu hiyo, mwenye homa kali pamoja na kutapika na kuhara hapaswi kutibiwa nyumbani. Apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya bila kuchelewa.

Kwa mtoto aliyeanza kuhara, maji matupu hayatoshi, kwa kuwa chumvi nayo inapotea. Pakiti ya ORS huchanganywa katika lita 1 ya maji safi na salama. Ikikosekana, lita hiyo hutiwa sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari. Mtoto hunyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko, na akitapika husubiriwa dakika 10 kisha huendelea. Kunyonya hakusimamishwi. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Akilegea, akiwa na macho yaliyodidimia, au akishindwa kunywa, safari ya zahanati haingoji asubuhi. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 humwagwa, na mwingine hutengenezwa.