Mama wa Shunemu Alipojibu Salama
Somo: 2 Wafalme 4:8-37

Jumapili mlishangilia sana tulipofika pale Gehazi anapomuuliza mama wa Shunemu kama mtoto ni mzima, naye anajibu ni salama. Nimelihubiri jibu hilo miaka mingi kama ushindi wa imani. Leo nataka turudi nyuma kidogo, maana neno hilo liliwahi kufunga midomo ya nyumba yangu.

Mvulana wetu alikuwa na miaka 8 shavu lilipoanza kuvimba. Tukadhani ni jino. Likang'olewa, uvimbe ukazidi. Hospitalini wakakata kinyama kidogo wakapeleka maabara, na majibu yakawa Burkitt, saratani inayowapata watoto wengi wa huku kwetu Magharibi na kule Pwani. Daktari alisema inakua haraka sana, lakini mara nyingi dawa huiweza, mradi mtoto amalize matibabu yote.

Mimi na mama yake tukakubaliana tusimwambie. Aliyeuliza alijibiwa salama. Washirika wakija wodini, salama. Dada yake wa miaka 11, aliyebaki kwa shangazi yake, salama.

Nywele zikaanza kutoka. Usiku mmoja akaniuliza, "Baba, ni juu ya ile sadaka?" Kumbe siku moja alinunua mandazi na shilingi 20 tulizompa za sadaka, na tangu alazwe alikuwa anajua Mungu anamlipiza. Jina la ugonjwa pia alikuwa nalo. Mtoto wa kitanda cha pili alimwambia mapema. Alinyamaza kwa sababu kila akiuliza, mama yake analia. Sisi tulidhani tunamkinga, kumbe yeye ndiye alikuwa anatukinga.

Sasa rudini kwenye andiko. Mstari wa 19 mtoto analia kichwa, na baba anaagiza apelekwe kwa mama yake. Mstari wa 23 huyo baba bado hajui kitu. Anashangaa mbona mke anasafiri na si mwezi mwandamo wala sabato. Gehazi naye anapewa salama. Lakini mama hakuishia hapo. Alipofika kwa Elisha alimshika miguu akamwaga uchungu wote, na Gehazi alipotaka kumsukuma, nabii akamkataza. Salama ilikuwa ya njiani tu. Tena angalieni, Elisha anakiri kwamba Bwana alimficha jambo hilo. Nabii mwenyewe ilibidi aambiwe, sembuse mimi mchungaji wenu.

Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alitufundisha kuanza kwa kumuuliza mtoto anajua nini tayari. Tukamwambia jina la ugonjwa, kwamba dawa ndiyo inang'oa nywele na zitaota tena, na kwamba shilingi 20 hazileti saratani. Akauliza kama atakufa. Ulimi wangu ulitaka kukemea hilo swali. Nikamwambia dawa hizi zimeponya watoto wengi, tunamwomba Mungu amponye yeye pia, na lolote likija hatutamwacha peke yake. Akanyamaza, halafu akauliza kama anaweza kupata chapati.

Dada yake alikuwa amekataa kutumia kikombe cha ndugu yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba saratani haiambukizi. Pia alikuwa na hasira, na haki yake: muhula mzima hakuna aliyemuuliza habari za shule.

Na sisi wazazi? Tulikuwa tunazungumza pesa tu. Yeye analala kwenye kiti wodini, mimi natafuta nauli.

Ninyi mnaokwenda kutembelea wagonjwa, naomba sana: msiulize imani ya wazazi ikoje mbele ya mtoto. Masikio yake hayajalazwa. Na asiwepo wa kumwambia mzazi aache dawa kwa kuwa tumeshaomba. Uvimbe wa Burkitt hupungua upesi baada ya dozi za kwanza, na hapo ndipo wengine hurudi nyumbani wakidhani kumekwisha. Wetu alimaliza zote. Sasa yuko Gredi ya 6.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani someni sura hii mpaka mstari wa 37, kisha mjadili: yule baba aliyebaki shambani, aliambiwa lini?