Mana Ikizoeleka

SOMO LA WIKI
Maandiko: Kutoka 16:11-35, Hesabu 11:4-15, Zaburi 103:1-5



Juzi, siku ya soko hapa Doldol, niliingia kwa wakala wa M-Pesa kutoa pesa za fundi. Binti wa pale akaniambia, "Pasta, ngoja kidogo, pesa taslimu zimeniishia, kuna mtu analetea." Nilingoja kama dakika kumi hivi. Kisha nikamfokea mbele ya watu: "Kama kazi imewashinda, si mfunge!" Binti akainamisha kichwa. Nilipotoka nje, Roho Mtakatifu akaniuliza kama nimesahau nilikotoka.

Na kweli nilikuwa nimesahau. Nikiwa shule ya bweni Nanyuki, mama alikuwa anauza mbuzi, anafunga noti ndani ya bahasha, anampa kondakta wa matatu. Mimi nashinda getini siku mbili, tatu, nikingoja karo. Kuna wakati gari liliharibika njiani, na kuna wakati bahasha ilifika ikiwa nyepesi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Mama alipomtumia mjomba pesa kwa simu mara ya kwanza, alimpigia mara tatu kuuliza kama kweli zimefika. Ilikuwa ajabu! Leo ujumbe ukichelewa dakika moja, tunanung'unika.

1. Muujiza huzoeleka haraka
Mana ilipoanguka, Israeli walishangaa wakaulizana ni kitu gani. Linganisha Kutoka 16:1 na Hesabu 10:11, utaona ni kama mwaka mmoja tu umepita. Kisha fungua Hesabu 11: watu wale wale wanalia kwamba wamechoka na mana. Chakula hakikubadilika. Asubuhi ile ile, mkono ule ule wa Mungu. Nilipokuwa nasomea biashara tulifundishwa kwamba kikombe cha kwanza cha chai kina utamu kuliko cha pili, na cha nne hukihisi kabisa. Ndivyo moyo ulivyo tusipouchunga.

2. Moyo uliozoea hukumbuka vibaya
Walikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri. Mbona hawakutaja viboko? Mbona hawakutaja watoto waliotupwa mtoni? Asiyeshukuru hubadilisha hata historia yake mwenyewe.

3. Manung'uniko humwangukia aliye karibu
Israeli waliidharau zawadi ya Mungu, lakini mzigo ulimwelemea Musa hadi akaomba afe (Hesabu 11:15). Wapendwa, hapa ndipo niliposhikwa. Tukikosa shukrani juu, mtu fulani huumia hapa chini: wakala, mhudumu wa zahanati, mke jikoni, mwalimu wa Sunday school.

Simaanishi tunyamaze bomba la maji likikauka au mifugo ikifa kwa kiangazi. Watu walipokuwa na njaa ya kweli katika Kutoka 16, Mungu aliwalisha. Mlilie Mungu, na uwaulize viongozi. Lakini usidharau ulichopewa, wala usimdharau anayekuhudumia.

4. Dawa: weka pishi yako ya mana
Mungu alijua watu watasahau, ndiyo maana aliagiza pishi moja ya mana iwekwe kwa ajili ya vizazi (Kutoka 16:32-33). Watoto waone, waulize, wasimuliwe. Wewe umeweka nini? Wanao wanajua ulivyokuwa ukitembea kutafuta maji, au mlivyongoja barua mwezi mzima? Na wanajua siku uliyookoka? Kwa maana kama simu imezoeleka, wokovu je? Siku ile ulilia machozi madhabahuni. Leo damu ya Yesu ikitajwa, unaangalia saa.

Jioni ile nilirudi kwa yule binti nikamwomba msamaha, mbele ya watu vile vile. Akatabasamu, akasema, "Pasta, wengi hunifokea. Wewe ndiye wa kwanza kurudi." Sikulala vizuri. Nilijiuliza ni wangapi kati ya hao wengi ambao hushiriki nami meza ya Bwana.

Kwa ushirika wa nyumbani:
1. Ni kitu gani ulichomwombea Mungu kwa machozi, na leo unakilalamikia?
2. Nani hubeba hasira zako? Wiki hii rudi kwake.
3. Wasimulie watoto jambo moja ambalo Mungu aliwatendea kabla hawajazaliwa.

Tuombe: Bwana, tusamehe kwa kula mana yako bila kukushukuru. Tukumbushe ulikotutoa. Laini ndimi zetu kwa wanaotuhudumia, na uturudishie furaha ya wokovu wetu. Katika jina la Yesu, amina.