Mbwa Wasio na Mwenyewe

Katika mji wa Korogwe, kama katika miji mingine, mbwa koko hupenda mahali penye masalio ya chakula: karibu na bucha, sokoni, na jaani. Watu huwaita wezi na kuwarushia mawe. Lakini mbwa hao hawakutoka porini. Wengi wao asili yao ni nyumbani mwa watu.

Mbwa jike huchukua mimba siku 63 hivi, naye aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Akizaa watoto watano kila mara, watakuwa kumi. Na majirani wakisha kupewa mmoja mmoja, hawataki tena. Hapo ndipo watoto hutiwa katika gunia na kuachwa jaani usiku. Hufanya hivyo hata watu wema, ila hawapendi kulisema.

Wale wanaopona hukua bila kuchanjwa. Basi hatari ipo hapo, maana karibu watu wote wafao kwa kichaa cha mbwa waliumwa na mbwa, na dalili zikisha kumtokea mtu, ni nadra mno apone. Mtoto aliyeumwa, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, na aoshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Asifiche jeraha kwa kuogopa kukemewa.

Kuwaua mbwa kwa risasi au sumu hakumalizi jambo. Waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na jaa lile lile huwaita wengine. Katika kisiwa cha Pemba watu walichanja mbwa, na ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje. Wakachanja tena, ukaisha mwaka 2018. Yatosha kuchanja mbwa 70 katika kila 100, lakini watoto wakizidi kuzaliwa hesabu hiyo huharibika upesi.

Kwa hiyo yafaa kuwahasi. Jambo lenyewe si geni: wafugaji wa Handeni wajua maksai ni nini. Ila kwa mbwa na paka, kisu cha nyumbani hakifai kabisa. Daktari wa wanyama humlaza mnyama kwa dawa asisikie maumivu. Dume hutolewa makende, na jike hutolewa viungo vya uzazi. Wengine husema mbwa aliyehasiwa halindi nyumba. Sivyo, hubweka vile vile, ila haendi mbali kutafuta majike.

Gharama ni kubwa kwa mtu mmoja. Heri watu wa mtaa wachange, wamwite daktari kwa siku moja, na waanze na majike. Mbwa asiye na mwenyewe ndiye mgumu, kwa kuwa hakubali kushikwa. Lakini mara nyingi yupo mama muuza supu ambaye mbwa huyo humjia kila jioni kula mifupa. Huyo mama na atafutwe kwanza.