Skrini Ikibadilika, Akaunti Bado Iko Wazi

Kama una saiba au duka hapa Thika, swichi ya KVM itakuokolea pesa na nafasi: kibodi moja, mausi moja na skrini moja zinatumikia kompyuta mbili au hata nne. Unabonyeza kitufe, unahamia mashine nyingine.

Lakini chunga: swichi haifungi kompyuta unayoiacha. Akaunti ya eCitizen au ya benki uliyofungua huko bado iko wazi. Atakayebonyeza kitufe baada yako ataikuta.

Kwa hivyo:

1. Toka kwenye akaunti kwanza, ndipo ubonyeze swichi.
2. Kabla ya kuandika nenosiri, hakikisha uko kwenye kompyuta gani.
3. PIN ya M-PESA iweke kwenye simu yako pekee. Usiiandike kwenye kibodi ya saiba, hata ukiombwa.