Jina la Mchawi na Damu ya Mzee



Darasa letu la leo latazama jambo tulijualo wengi, na tulisemalo kwa kunong'ona. Katika vijiji vya Kwale, na Mkongani yetu haimo nje, huenda mtoto akaugua ghafula au mifugo ikafa, na macho ya watu yakamgeukia mzee mmoja mwenye mvi. Kwanza huwa mnong'ono, kisha huwa jina, na mwisho huwa panga usiku. Wazee wameuawa namna hii hapa Kwale na katika Kilifi. Na huko Ganze wako waliokimbilia Kaya Godoma baada ya kufukuzwa na jamaa zao wenyewe.

Je, katika jambo hili mkosa ni nani?

Wataalamu wa elimu ya jamii wana maneno mawili yatufaayo. La kwanza ni la Émile Durkheim, Mfaransa, aliyeeleza mwaka 1893 ya kuwa adhabu haimhusu mkosa peke yake, bali hutuliza nyoyo za walioudhika na kuwaunganisha. Basi na tuangalie: kijiji kilichofiwa hutaka utulivu, na utulivu huo hupatikana hata aadhibiwaye akiwa hana hatia. Kwa hiyo kutulia kwa watu si dalili ya kuwa haki imepita.

La pili ni la Howard Becker, Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1963. Yeye asema upotovu haukai ndani ya kitendo, bali hutokana na jina ambalo watu humbandika mtu nalo likamganda. Mwizi ana alichoiba. Lakini aitwaye mchawi hana kitendo kilichoonekana na mtu. Akinyamaza, husemwa amekiri. Akikana, husemwa ni mjanja. Huko Usukumani, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, na wekundu ule ni kazi ya moshi wa jikoni.

Tena tukichungua, mara nyingi nyuma ya jina hilo twaona shamba, minazi, na warithi waliochoka kungoja.

Huenda mtu akasema: serikali na iwe kali. Ukali ulikwisha jaribiwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilikataza hata kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa tuhuma ipelekwe kwa wenye mamlaka. Mwaka 1932 mahakama ya Nairobi iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa kumwua mwanamke waliyemdhani mchawi. Baadaye hukumu ile ikageuzwa kuwa kifungo. Wenyewe waliona wametimiza haki ya kwao. Walakini mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto huko Kisii kwa tuhuma ile ile. Adhabu ya mahakama ni lazima, ila huja baada ya maziko; jina huja kabla.

Basi dawa na ianze kwenye jina. Dini yetu imemtwika mwenye kudai mzigo wa kuleta bayana, na ramli si bayana, wala ndoto si ushahidi. Surat al-Hujurat imetuonya juu ya dhana na juu ya kuitana majina mabaya. Mtoto akiugua, na apelekwe hospitali ya Kwale au Msambweni, asipelekwe kwa mpiga ramli. Mwenye shamba na aweke mambo yake wazi mapema mbele ya mashahidi, ili kifo chake kisiwe faida ya mtu mwenye haraka.

Nasi tuketipo barazani, likitajwa jina la mzee, tuulize papo hapo: nani ameona, na ameona nini? Tukinyamaza, jina litatoka barazani hapo likiwa na nguvu zaidi kuliko lilivyoingia. Mshika panga huwa mmoja, lakini walionoa ni wengi, na huenda sisi tumo miongoni mwao.

Wabillahi tawfiq.