KAMBALE WETU ASINUKE TOPE
Somo la ufugaji wa samaki

Leo tujifunze jambo linalowasumbua wafugaji wengi wa kambale. Mtu anachimba bwawa kwa jasho lake. Ananunua vifaranga, anawalisha miezi mingi mpaka wamenona. Siku ya kuvua, wateja wanajaa. Lakini wiki inayofuata hawarudi. Ukiwauliza watakuambia: "Samaki wako ana harufu ya tope."

Hiyo ni hasara kubwa. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi tutazame harufu hiyo inatoka wapi, na namna ya kuizuia.

Harufu inatoka wapi?

Wengine husema eti kambale hunuka kwa sababu analala topeni. Hiyo si sababu yenyewe. Katika maji machafu huota ukijani, na ndani yake wamo vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Baadhi ya vijidudu hivyo, pamoja na vingine vinavyoishi katika tope, hutoa kitu kiitwacho jiosmini. Wewe unaijua harufu yake. Ni ile ya udongo mkavu ulionyeshewa na mvua ya kwanza.

Jiosmini huingia mwilini mwa samaki kupitia matamvua, yaani pale anapopumulia majini, kisha hujificha katika mafuta yake. Kuingia ni haraka, saa chache tu zinatosha. Kutoka ni polepole, huchukua siku kadhaa. Haimdhuru mlaji, lakini ulimi wa binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Viungo huificha tu, haviiondoi.

Kambale ni mvumilivu, asitudanganye

Kambale ana kiungo maalumu cha kuvutia hewa ya juu. Ndiyo maana anaweza kuishi katika maji ambayo perege angekufa. Sasa mfugaji akiona samaki wako hai, hudhani maji ni mazuri. Sivyo! Kuishi ni jambo moja, kukua vizuri na kuwa mtamu ni jambo jingine.

Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki huoza chini ya bwawa. Hapo hutokea amonia, ambayo ni sumu kwa kambale pia. Vilevile uozo huo ni mbolea ya ule ukijani. Kwa hiyo anayemwaga chakula ovyo hupoteza mara tatu: anapoteza chakula, anapunguza ukuaji wa samaki, na anakuza harufu.

Mambo ya kufanya bwawani

1. Lisha kwa kipimo. Kambale wa gramu 200 hivi wanaweza kupewa kilo 3 za chakula kwa siku kwa kila kilo 100 za samaki. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Rusha kidogo kidogo mahali pale pale. Wakiacha kugombania, acha kulisha.

2. Pima maji kwa mkono. Simama taratibu bila kutibua tope, kisha zamisha mkono ulionyooshwa. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi. Punguza chakula, na usiongeze samadi.

3. Badilisha maji. Toa maji ya chini, kwa sababu huko ndiko uchafu ulikolala. Toa kama theluthi moja, halafu ingiza maji safi. Funga wavu mdogo kwenye mabomba yote mawili, samaki wasitoroke.

4. Tembelea bwawa alfajiri. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni bali huitumia, kwa hiyo alfajiri ndipo maji huwa na oksijeni kidogo kuliko saa nyingine. Kambale mmoja mmoja kupanda juu na kushuka ni desturi yake. Lakini wote wakikaa juu na kukataa chakula, badilisha maji mara moja.

5. Baada ya kuvua, kausha bwawa mpaka ardhi ipasuke. Zoa tope jeusi ukalitumie bustanini.

Angalizo: usimwage mrututu bwawani kwa kubahatisha ili kuua ukijani. Ukizidi huua samaki. Tena ukijani ukifa wote kwa mara moja huoza, na oksijeni hupungua mno. Mwulize kwanza bwana samaki.

Kuonja kabla ya kuvua

Huko Marekani, katika jimbo la Mississippi, wanafuga kambale wa aina nyingine mabwawani. Viwanda vinavyonunua samaki hao vina waonjaji. Samaki huonjwa kabla bwawa halijavuliwa. Akinuka tope, bwawa linasubiri.

Sisi pia tunaweza. Wiki mbili kabla ya kuuza, vua kambale mmoja. Chukua kipande cha mkia, kipike kwenye sufuria iliyofunikwa, bila chumvi wala kiungo chochote. Funua, unuse, kisha uonje. Mpe na jirani aonje, maana mwenye mali hujipendelea.

Kama ananuka, hamishia samaki wa kuuza kwenye tangi lililosuguliwa vizuri, lisilo na utando wa kijani. Maji safi yaingie na kutoka. Usiwape chakula. Funika kwa wavu, kwa sababu kambale huruka na kutambaa hata nchi kavu. Onja tena baada ya siku 3. Harufu ikiwa bado ipo, ngoja mpaka siku 7, kisha uonje tena. Kambale mnene huchelewa zaidi kusafika.

Tufanye hesabu

Utasema, "Nikiwashindisha njaa si watapungua uzito?" Ndiyo, watapungua. Haya, tuhesabu kwa mfano. Una kilo 100 za kambale wanaonuka. Mnunuzi anakupa shilingi 5,000 kwa kilo. Jumla ni shilingi 500,000. Ukiwasafisha, tuseme wanapungua kilo 5, zinabaki kilo 95. Sasa mnunuzi anatoa shilingi 8,000 kwa kilo. Jumla ni shilingi 760,000. Umepata zaidi shilingi 260,000, na mteja atarudi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kambale kuwa hai si ushahidi kwamba maji ni mazuri?
2. Jiosmini huingia wapi katika mwili wa samaki, na hujificha wapi?
3. Una kilo 60 za kambale wa gramu 200. Utawapa kilo ngapi za chakula kwa siku?
4. Nendeni pamoja kwenye bwawa lililo karibu, mpime maji kwa mkono. Andikeni daftarini tarehe na mlichokiona. Rudieni kila wiki.